Injini ya Rahab, Mawe ya Kilonzo

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au mwenye kibanda alikufungia mandazi ndani yake kabla hujalisoma, habari ni hii kwa ufupi.

Irungu, kijana Mkikuyu wa duka pale Makindu, aliazima pikapu ya shangazi yake akapeleka mbuzi wa ntheo kwa mzee Mutie, huko Mukuyuni. Ntheo ni mbuzi ambao Mkamba asipowapokea, binti yake hajaolewa, hata awe amekaa kwako miaka na kukuzalia. Nthenya, binti wa Mutie, alikuwa amekaa kwa Irungu miaka mitatu, na alikuwa amemzalia.

Asubuhi ile ya Julai ukungu uliufunika mlima wa Mukuyuni mpaka barabara haikuonekana. Pikapu ikapanda juu ya mawe yaliyoachwa katikati ya njia. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka, oili ikamwagika yote, na Irungu bila kujua akazidi kukanyaga mafuta mpaka injini ikanoki, ikafa. Huko nyuma mbuzi mmoja akavunjika mguu.

Alifika kwa miguu, akivuta wawili na kumbeba mmoja. Mzee Mutie alimwangalia yule wa kubebwa, akasema kwa upole kwamba ntheo haipokelewi ikiwa kilema. Nthenya na mtoto, waliotangulia kumngoja huko, wangebaki kwake mpaka mbuzi wazima waje.

Hapo ndipo tulipomwacha. Sasa sikia yaliyomfika baadaye, na kama una gari lako, jikaze.

Rahab Wanjiro, mwenye pikapu, hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alilizunguka gari lake lililovutwa na lori mpaka gereji, akamsikiliza fundi akisema injini ile haifai hata kuuzwa kwa mtu wa vyuma vikuukuu, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Kuna mtu aliacha hayo mawe," akasema. "Mtafute, alipe. Usipompata, utalipa wewe."

Irungu alijua maana yake. Duka alilouzia lilikuwa la Rahab. Chumba cha nyuma alicholala kilikuwa cha Rahab. Hata redio iliyoimba pale kaunta ilikuwa ya Rahab. Kulipa kwake kungekuwa kutoa funguo na kuondoka, na mwanamume asiye na pa kulala atapata wapi mbuzi wazima?

Tena si mke tu aliyekuwa amebaki Mukuyuni. Kwa desturi za kule, mtoto ambaye ntheo ya mama yake haijatolewa ni wa babu yake mzaa mama. Ndiyo maana binti wa Irungu aliitwa Mutindi, jina walilompa wao. Angeitwa Wariara, jina la marehemu mama yake Irungu, lakini asiyetoa mbuzi haulizwi jina. Mtoto alikuwa ndio kwanza ameanza kutembea, na baba yake hakuwapo kuziona hatua zake.

Basi akaanza kumtafuta mtu wa kulipa injini.

Alianza na polisi. Sajini alimwuliza namba ya gari lililomgonga. Irungu akasema hakugongwa na gari, alikanyaga mawe. Mawe ya nani? Hilo ndilo alilokuja kuuliza. Sajini akaweka kalamu chini, akamweleza taratibu kwamba katika ajali hiyo dereva alikuwa mmoja tu, kwa hiyo akitakiwa mwenye makosa, hawatakwenda mbali kumtafuta. Irungu akashukuru, akatoka kabla hajafunguliwa kesi yake mwenyewe.

Akaenda Machakos kwa wakala wa bima. Huyo alikuwa mtu wa kucheka, mwenye tai ya rangi ya papai, na alimkaribisha chai. Chai ilipokwisha akamwambia kwamba bima ya shangazi yake ni ile ndogo, ya kuwalipa watu wengine. Angemgonga mtu, mtu huyo angelipwa. Angegonga ng'ombe wa mtu, wangezungumza. Lakini yeye amegonga jiwe, na jiwe halikuumia.

Usicheke, msomaji. Mimi nilipoambiwa habari hii nilicheka, halafu nikaona aibu.

Mwisho alikwenda kambi ya watu wa barabara. Nyapara alikuwa amelala chini ya trela, akaamka kwa taabu. Alisema shimo ni lao, jiwe si lao. Kama gari lingeingia shimoni, Irungu angekuwa na haki ya kuja kulalamika pale, nao wangemwambia wana greda moja na haina mafuta. Lakini jiwe liliwekwa na mtu, na mtu huyo hakuajiriwa na wao.

Kwa hiyo barabara ni ya serikali, na jiwe lililo juu ya barabara si la serikali. Gari lina bima, na mwenye gari hana. Eleza hapo, wewe uliyesoma, maana Irungu alishindwa.

Sasa, kila aliyepanda vilima vya Ukambani anajua mawe yale hutoka wapi. Lori likishindwa na mlima, tanboi, yaani utingo, huruka chini na jiwe kubwa, akalitia nyuma ya gurudumu lisirudi nyuma. Huongeza la pili na la tatu. Kisha hukata matawi, akayapanga barabarani ili wenzake wajue kuna taabu mbele. Ni adabu nzuri, na hakuna dereva asiyeifuata.

Lakini lori likiwaka, adabu huishia hapo. Nani atasimamisha lori lililopata nguvu katikati ya mlima ili ashuke kuondoa jiwe? Tanboi hudandia, wakaenda. Kina mama wakipita huokota yale matawi kwa kuni. Mawe hakuna anayeyahitaji jikoni, kwa hiyo hubaki pale pale, yakimngoja mtoto wa mtu.

Irungu akarudi mlimani. Karibu na pale alipopasulia sampu palikuwa na mama mmoja, Ndila, aliyeuza uji kando ya barabara. Alimnunulia kikombe kimoja na kingine, akamwuliza kama aliona lori siku ile kabla ya pikapu yake.

Ndila alimshangaa.

"Kwani hawajakuambia?" akasema. "Hiyo ilikuwa lori ya Kilonzo, kijana ya Mutie. Rejeta ilikuwa inachemka, mimi mwenyewe nilimpea maji. Nikamwambia atoe mawe kwa barabara. Akasema amechelewa, anaenda nyumbani kupokea mbuzi ya dada yake."

Irungu akaweka kikombe chini.

Kilonzo alikuwa kaka yake Nthenya. Alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa mji wa Wote, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Siku ile ya mkosi Kilonzo ndiye aliyetoka mbio kumpokea Irungu langoni, akamtua yule mbuzi kilema mabegani, akamwuliza ni shetani gani aliyemwekea mawe njiani. Watu wote walimsikia. Irungu alikuwa amempenda kwa neno lile.

Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Mutie, amejaa hasira. Bahati yake, mzee alikuwa kanisani kwenye kikao cha wazee. Nthenya alimwona toka mbali, akamwahi nje ya ua na mtoto mkononi. Irungu akamweleza yote bila kupumua.

Nthenya hakumtetea kaka yake. Alimhamisha mtoto upande wa pili.

"Baba Mutindi, umeambia nani?"

"Sijaambia mtu."

"Basi usiambie. Mimi nitaongea na Kilonzo polepole, na nitakusaidia kutafuta mbuzi ingine. Lakini ukileta kesi kwa hii boma, baba hataangalia mawe. Ataangalia ni nani ameileta."

Irungu aliuliza, na injini je? Shangazi Rahab je? Nthenya akamwambia injini ni chuma. Akampa mtoto amshike. Mutindi akamvuta masikio yote mawili, akacheka, na Irungu akaapa mbele ya Nthenya kwamba jina la Kilonzo halitatoka kinywani mwake. Aliapa kwa moyo safi. Hilo namshuhudia.

Kiapo chake kilidumu mpaka Jumatatu.

Jumatatu Rahab aliingia dukani mchana, wakati hakuna wateja. Alikuja na kijana mwingine kutoka kwao Murang'a, amevaa shati jipya, ana sanduku. Alimwonyesha kijana yule sukari ilipo, mafuta ya taa yalipo, na mizani inavyopinda upande mmoja. Kisha akanyoosha mkono kwa Irungu, kiganja juu.

"Funguo," akasema.

Irungu alimwomba. Alimwita Tata, yaani shangazi, kama alivyomwita alipokuwa mtoto na Rahab akimtoa miiba miguuni. Alimwambia mke wake yuko Mukuyuni, mtoto wake yuko Mukuyuni, akipoteza duka amewapoteza wote wawili. Rahab alisikiliza mpaka mwisho. Kwamba hakumpenda Nthenya lilikuwa jambo lililojulikana na Makindu nzima mpaka wapagazi wa stesheni. Mara ngapi alikuwa amemwambia Irungu kuna wasichana kwao Murang'a, wanaojua kusalimu watu kwa Kikuyu?

"Sikufukuzi kwa sababu ya mke," akasema. "Nakufukuza kwa sababu ya gari. Niambie aliyeliua, ukae."

Kijana wa Murang'a alikuwa amekwisha kusogeza kiti nyuma ya kaunta.

"Ni Kilonzo," Irungu akasema. "Kaka yake Nthenya."

Alijichukia hapo hapo. Alitamani kulimeza tena neno lile, lakini Rahab alikuwa amekwisha kulipokea, na kwa mara ya kwanza tangu ajali akatabasamu.

"Shemeji yako," akasema. "Vizuri sana. Huyo hawezi kupotea."

Jumamosi wakapanda basi, shangazi na mpwa. Irungu alikuwa na tumaini moja, na lilikuwa tumaini la mtu mwoga. Aliomba Mungu Kilonzo akatae. Akikataa, hakuna shahidi ila mama wa uji, na maneno ya mama wa uji yangebishaniwa mpaka jioni, watu wachoke, waagane.

Mzee Mutie aliwakaribisha vizuri mno. Viti vilitolewa nje, chai ikaletwa, sala ikasomwa. Nthenya alikaa kando ya mlango wa mama yake, mtoto miguuni. Alimwona Rahab, akamwona Irungu nyuma ya Rahab, akainamisha macho. Tangu hapo hakumtazama Irungu tena.

Rahab alisema yake. Sitatia chumvi, alizungumza kwa heshima. Alisema yeye ni mjane, gari lile liliachwa na marehemu mume wake, ndilo lililowalisha. Hakuja kugombana na mtu. Amekuja kuuliza kama ni kweli mawe yale yaliwekwa na kijana wa boma hili, na kama ni kweli, nani atalipa.

Mzee Mutie akageuza kiti chake. Alimtazama mwanawe tu.

Kilonzo akasimama. Irungu akashikilia kiti kwa mikono miwili.

"Mawe ni yangu," Kilonzo akasema. "Niliyaacha. Nilipoona mbuzi amevunjika mguu nilijua ni mimi, na nikaogopa kusema. Nikasema maneno ya shetani. Shetani alikuwa mimi. Nitalipa."

Hakuna aliyetarajia hivyo. Hata Rahab, aliyekuja amebeba maneno ya siku nzima, alibaki nayo mdomoni. Irungu aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mshitakiwa wake alikuwa mwanamume kumshinda yeye.

Mzee Mutie akainuka, akaenda nyuma ya zizi. Aliporudi alikuwa anavuta maksai wawili waliofungwa kamba moja, wale waliolima shamba la boma zima. Kilonzo aliwanunua kwa mshahara wa miaka ya kuendesha lori, na mvua za Oktoba hazikuwa mbali. Katika nyumba ya mama yake Nthenya mtu alianza kulia kwa sauti ya chini.

"Mwanangu hana gari," mzee akasema. "Ako na hawa. Mama, ukiwauza utapata injini, na itabaki kitu. Sitaki tubishane."

Rahab akasema hana neno.

"Lakini kamba siyo yako, mama. Gari aliazima huyu kijana, mawe alikanyaga huyu kijana. Kamba nitampa yeye." Akamgeukia Irungu, na sauti yake haikupanda. "Irungu, sikia vizuri. Mimi nilikuwa nangoja mthoni."

Mthoni ni mkwe, na neno hilo ni moja kwa Mkamba na kwa Mkikuyu. Hakuna mtu pale aliyehitaji kutafsiriwa.

"Sisi kwa hii boma hatudaiani na wathoni wetu," mzee akaendelea. "Mthoni akivunja kitu yetu, tunanyamaza. Tukivunja yake, ananyamaza. Ukiiacha hii kamba, maneno ya gari imekufa, na mbuzi nitangoja hata miaka kumi, msichana na mtoto mchukue leo. Ukiishika, wewe ni mtu wa nje alikuja kudai, na amelipwa. Mtu wa nje akilipwa anaenda kwao. Sitaki mbuzi yako tena. Mtoto ni wangu."

Akamnyooshea kamba.

Rahab akasogea karibu, akasema kwa Kikuyu, taratibu, kama anayemkumbusha kununua chumvi, kwamba akiacha kamba ile asirudi Makindu. Amwachie funguo hapo hapo.

Funguo zilikuwa mfukoni mwa suruali. Irungu alizishika bila kukusudia.

Msomaji, najua unamfokea. Unasema achague, kwani kuna la kuchagua? Unasema hivyo kwa sababu una kwako. Umekaa kitini, una chai, unajua utakapolala. Irungu aliona mke na mtoto, na nyuma yao hakuona paa. Akimchukua Mutindi leo, atampeleka wapi? Kwenye veranda ya nani?

Akiwa bado anaona hayo, mkono wa Rahab ulipita mbele yake ukaishika kamba.

Maksai mmoja akakohoa. Mzee Mutie hakuiachia upande wake.

"Huo mkono ni wa mama," akasema. "Irungu, nataka kujua kama ni wako pia."

Jibu lilikuwa fupi sana, na alilijua. Alichelewa nalo kidogo tu, lakini Nthenya alipata nafasi ya kuinama, kumwinua mtoto, kuingia nyumbani kwa mama yake na kufunga mlango.

"Si wangu," Irungu akasema. Alitoa funguo, akazitupa chini miguuni pa shangazi yake. "Mzee, huo mkono si wangu. Sitaki maksai. Nataka watu wangu."

Rahab alizitazama funguo kwenye vumbi. Akaachia kamba, akainama kuziokota, akazipangusa kwa kitambaa na kuzitia mkobani. Akatoka kwenda kungoja basi, na Irungu akajua shangazi amekwisha kumpoteza na yeye amekwisha kumpoteza shangazi. Lakini pia alijisikia mwepesi, kwani sasa alikuwa amechagua.

"Umechelewa," mzee Mutie akasema. "Lakini umesema. Enda ubishe. Msichana akikufungulia, mimi nimekubali."

Kilonzo alimpisha njia. Irungu akauvuka ule uwanja akiwa hana duka, hana chumba, hana kitu ila nguo alizovaa, akabisha mlango wa mama mkwe wake. Ndani alisikia miguu midogo ya Mutindi ikija mbio, kisha ikazuiwa.

"Mama Mutindi," akaita. "Nimeacha kila kitu. Fungua."

Nthenya alikuwa karibu sana. Mbao tu ndizo zilizowatenga. Hakulia wala hakukasirika alipomjibu.

"Nitafungua. Lakini kwanza niambie jambo moja, na usinidanganye. Jina la Kilonzo, ni nani alimwambia shangazi yako?"